Muuguzi Aliyehamisha Swali

Katika ukumbi wa dharura wa hospitali ile kulikuwa na benchi moja la kijani, lililokaa peke yake karibu na mlango wa daktari. Mabenchi mengine yote yalikuwa ya kijivu, na yalijaa tangu asubuhi. La kijani lilikuwa la wanajeshi wastaafu. Vita vilikwisha zamani, lakini utaratibu ulibaki: aliyetumikia jeshi hapangi foleni. Mwanamume akifika na kusema alikuwa jeshini, alionyeshwa benchi lile, na kabla hajalipasha joto alikuwa ameshaitwa ndani. Wapo waliodanganya, nao walipokelewa vilevile.

"Tumbo likimbana mtu sawasawa," muuguzi wa mlangoni alikuwa akisema, "hata kinyozi huwa kanali."

Muuguzi huyo wa mlangoni walimwita Spika. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye moyo mwema na sauti isiyo na kidhibiti. Akimuuliza mgonjwa ameanza kuharisha lini, jibu lilisubiriwa mpaka kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara.

Ila habari hizi si za Spika. Ni za mwenzake, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana na raba nyeupe ambazo alizisugua kila jioni kwa mswaki wa zamani. Wenzake walimwita Breki. Jina hilo alilipata kwa sababu kila mgonjwa alipoletwa na watu wote wakamrukia, huyu kumvua, huyu kumchoma, huyu kumfunga mpira mkononi, yeye aliinua kiganja na kusema, "Subirini kwanza." Mara nyingi alikuwa na sababu. Spika alisema Breki akipewa gari la wagonjwa atalifikisha salama salimini, mgonjwa akiwa ameshapona njiani.

Asubuhi moja aliingia mwanamke aliyejifunga kitambaa cha kijivu kichwani. Hakusalimiana na mtu. Alitazama ukumbi mzima mara moja, kona hadi kona, kisha akaenda kukaa kwenye benchi la kijani.

Spika alimfuata kwa adabu zake zote. "Mama, samahani. Hilo benchi ni la wanajeshi. Mgonjwa wako yuko wapi? Ni mzee?"

Yule mwanamke alisimama hapo hapo. Hakubishana, hakuguna, hakuuliza kwa nini. Alikwenda nyuma kabisa ya foleni, akasimama mgongo ukiwa ukutani na uso ukielekea mlangoni, visigino vimekutana. Breki alipita na chupa ya dripu mkononi, akauona usimamaji ule. Alijua ameuona mahali fulani, lakini hakuwa na nafasi ya kukumbuka ni wapi.

Mwanamke yule aliteleza ukutani polepole, bila kelele. Aliyekuwa mbele yake alidhani amechoka, amechuchumaa. Walipogundua, damu ilikuwa imemjaa tumboni kutokana na kidonda cha tumbo cha siku nyingi, naye alikuwa ameshakata roho; hapakuwa tena na wa kumwambia asubiri. Katika mkoba wake walikuta kanga moja, dawa za kutuliza maumivu za kununua dukani, na beji ya shaba yenye alama ya usukani. Alikuwa dereva wa malori ya jeshi.

Spika alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa kwenye korido ya nyuma, mikono ikining'inia.

"Nilimwambia kwa heshima," alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Si ulinisikia? Nilimwita mama."

"Ulimwita mama," Breki alijibu. "Ndipo ulipomtoa kwenye benchi."

Na hapo hapo alikumbuka usimamaji ule alikuwa ameuona wapi. Aliuona kila wiki, jikoni kwa dada yake.

Dada yake Breki alikuwa amekaa jeshini tangu ujana wake mpaka vita vilipokwisha, akiwa mtu wa redio. Mshahara wake ndio uliomsomesha Breki uuguzi. Aliporudi aliolewa, akafiwa na mume, akabaki na binti yake mshonaji katika nyumba ndogo ambayo chumba chake cha mbele kilikaliwa na cherehani. Humo ndani kulikuwa na kiti kimoja ambacho hakuna aliyekikalia ila yeye: kilitazama mlango, na nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu. Mgeni akikikalia kwa kutojua, dada mtu alisimama tu mpaka mgeni aelewe.

Jioni ile Breki alipitia huko kabla ya kwenda kwake. Alimkuta dada yake ameshika ukingo wa meza, anapumua kwa mdomo. Kamba ya nguo nje ilikuwa imeanikwa nusu.

"Kiungulia," dada alisema kabla hajaulizwa. "Kinapanda mpaka kwenye taya. Ukizeeka hata mate yanakuwa na nguvu za kukuangusha."

"Na mgongo?"

"Mgongo upo. Ulitaka uende wapi?"

"Dada, kiungulia hakimpati mtu kwa kuanika shuka. Huo ni moyo. Kesho twende wakupime."

"Siji."

Binti alisimamisha cherehani. Alikuwa amelisikia jibu hilo mara nyingi kiasi kwamba alilisema kimoyomoyo pamoja na mama yake. "Mama mdogo, mimi nimeshindwa. Labda umfunge kamba."

"Kwa nini huji?" Breki aliuliza.

Dada yake alijivuta mpaka kwenye kiti chake, akakaa. "Niliwahi kuja. Mwaka ule wa mafua. Nikakaa kwenye benchi lenu la kijani, nikaambiwa ninyanyuke. Nikanyanyuka."

"Si ungesema!"

"Kusema nini? Mbele ya wale watu?" Alicheka kidogo, cheko lisilofika machoni. "Umesahau walivyotuita tuliporudi? Masazo ya kambi. Hapa mtaani wanajua nilikuwa mpishi wa shule ya mbali. Hata marehemu mume wangu, ndugu zake waliambiwa hivyo hivyo."

Breki alimweleza habari za dereva. Dada yake alisikiliza bila kupepesa, kisha akauliza jambo moja tu: alikuwa amesimama upande gani wa ukumbi. Alipoambiwa, aliitikia kwa kichwa, kana kwamba yeye pia angechagua pale pale.

"Sikiliza, mdogo wangu," alisema mwishoni. "Siku mtakayoniuliza mimi, si habari za mume wangu wala mzee wangu, mimi mwenyewe, siku hiyo nitakuja kwa miguu yangu."

Breki aliondoka na ahadi hiyo. Ilikuwa na masharti, lakini ilikuwa ahadi, na alijua moyo ule haukuwa na subira ya kungoja sana.

Kesho yake, katika kikao cha kukabidhiana zamu, alisimama mbele ya Metroni, mkuu wa wauguzi, mama mkali aliyekuwa na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kuwatishia watu.

"Ninaomba kila mtu mzima anayeingia aulizwe kama aliwahi kutumikia jeshini," Breki alisema. "Mwanamume na mwanamke. Tusiangalie sura."

"Breki, glavu zenyewe hazitoshi, unataka tuongeze maswali?"

"Swali halinunuliwi, Metroni."

Watu walicheka. Muuguzi mmoja aliuliza kama na wajawazito nao waulizwe wanatokea kikosi gani. Spika, ambaye kwa kawaida ndiye angekuwa wa kwanza kucheka, aligeuka na kumtazama mpaka akanyamaza.

"Mimi ndiye niliyemnyanyua yule dereva," Spika alisema. "Swali hilo nitaliuliza mimi. Kila mtu. Simruki hata mmoja."

Metroni alivaa miwani ya kutishia, akamtazama, akaivua. "Haya. Jaribuni."

Breki hakuishia kwenye swali. Aliwafundisha wenzake mambo ambayo dada yake hakuwahi kumfundisha kwa maneno. Mgonjwa anayesimama kama yule dereva usimjie kwa nyuma. Usimguse kabla ya kumwambia unataka kumgusa wapi. Usimkate nguo kwa mkasi wakati anaweza kufungua vifungo mwenyewe. Akirusha ngumi, msimkandamize watu wanne kitandani na kumwita mkorofi. Rudini nyuma, mwacheni aone mlango. Wengine walisema huo ni udekezaji. Lakini mwanamke mmoja aliyekuwa ameandikwa mkorofi kila alipoletwa na pumu alitulia siku ile alipoachwa akae kitako badala ya kulazwa chali, na baada ya hapo waliosema udekezaji walipunguza midomo.

Jambo moja tu lilimsumbua. Wanaume waliulizwa, wakasema ndiyo. Wanawake waliulizwa, wakasema hapana.

"Wote?" Breki aliuliza.

"Wote," Spika alijibu. "Nauliza vizuri kabisa, wanasikia. Labda wamekwisha."

Breki alisema labda. Alikuwa na wagonjwa wawili wanaosubiri dripu, na jibu lile lilimtosha kwa siku hiyo.

Alipopita kwa dada yake alimpa habari akiwa bado mlangoni. "Sasa tunauliza. Kila mwanamke anayeingia."

Dada yake alikuwa amepungua. Nguo ilimkaa mabegani kama imetundikwa. "Kila mmoja?"

"Kila mmoja, dada. Kwa kinywa."

Yule mtu wa redio alitafakari. Kisha alimwambia binti yake amtafutie dawa ya viatu.

Alikuja Jumatatu, kama alivyoahidi, kwa miguu yake. Binti alimshika mkono kuanzia getini. Viatu vilikuwa vimesuguliwa mpaka vinaonyesha taa za dari. Breki alikuwa chumba cha ndani na majeruhi wa ajali ya lori, mikono imezama kwenye damu ya watu wengine, na hakujua kwamba dada yake yuko upande wa pili wa ukuta.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Kwenye benchi la mbele kabisa alikaa muuza mkaa wa mtaani kwao, na mtoto wake mapajani. Alimwona jirani yake akiingia, akampungia mkono.

Spika alisimama. Hakumjua mama huyu, lakini alikuwa amejiapiza kutomruka mtu hata mmoja, na tangu siku ya dereva alilitamka swali lile kwa moyo wake wote na kwa mapafu yake yote.

"Mama, umewahi kutumikia jeshini?"

Vichwa viligeuka. Muuza mkaa aliacha kumbembeleza mtoto. Huko nyuma mtu mmoja alidakia, "Huyo? Labda jeshi la kufua!" na kicheko kikapita kwenye mabenchi, kicheko cha watu waliochoka kusubiri, kisicho na ubaya mkubwa.

Dada yake Breki alimtazama Spika. Alilitazama benchi la kijani, ambalo lilikuwa tupu.

"Hapana," alisema.

"Unaumwa nini, mama?"

"Uchovu tu."

Spika alimwonyesha mwisho wa foleni. Alikwenda, akageuza mgongo ukutani. Binti alimsogelea sikioni.

"Mama, sema basi. Tumekuja kwa ajili hiyo."

"Twende nyumbani."

"Ngoja nimwite mama mdogo."

"Yuko kazini. Usimsumbue mtu kazini."

Wakatoka. Spika aliviona viatu vile vikipita mlangoni, akajisemea kwamba mtu wa uchovu tu hang'arishi viatu namna ile. Halafu akaingia mtu mwingine.

Dada yake Breki alianguka mchana, nyumbani, hatua chache kutoka kwenye kiti chake. Gari la wagonjwa lilipomleta, Spika ndiye aliyesukuma machela, na alipoviona viatu alitamani ardhi ipasuke. Hapakuwa na kosa lolote katika yaliyofuata. Waliomhudumia walisimama anapoweza kuwaona. Walimwambia, "Tunakugusa kifuani sasa," na ndipo wakamgusa. Binti alifungua vifungo kimoja kimoja, mkasi ukabaki mezani. Daktari wa zamu alisoma mistari ya mashine ya moyo, akaisoma tena, kisha akamwita Breki pembeni. Sehemu kubwa ya moyo ilikuwa imekwisha kufa. Angeletwa asubuhi, alisema, wangekuwa na la kufanya.

"Aliletwa asubuhi," Breki alisema.

Alirudi kitandani, akakaa mahali ambapo hakuziba mlango.

"Walikuuliza?"

"Waliniuliza." Sauti ilitoka kwa taabu chini ya kifuniko cha oksijeni.

"Ukasema hapana."

"Kulikuwa na watu, mdogo wangu."

Breki alikuwa ameambiwa. Aliambiwa akiwa amekaa sebuleni, kando ya cherehani, kwa maneno yanayoeleweka: mbele ya wale watu? Naye alisikia benchi tu.

Dada yake aligeuza macho kuelekea pazia, ambako Spika alikuwa amesimama bila kuthubutu kuingia. "Yule bwana wenu," alisema. "Ana sauti. Tungekuwa naye kule mstari wa mbele, mimi nisingehitaji redio."

Binti alicheka huku machozi yakimtoka. Spika hakucheka. Dada mtu alifumba macho, na ingawa walimpigania kwa kila walichokuwa nacho, hakuyafumbua tena. Breki alivifunga viatu vya marehemu kwenye taulo la hospitali, akavikabidhi kwa yule binti mshonaji.

Aliporudi kazini baada ya maziko, Spika alikuwa amemwomba Metroni amtoe mlangoni, apelekwe kufua mashuka, popote pasipo na watu.

"Hutoki," Breki alimwambia.

"Breki, nimeua wawili."

"Swali nililitunga mimi. Nikakukabidhi bila kukuambia liulizwe wapi." Aliongea bila kumtazama. "Utabaki mlangoni. Kinachohama ni swali."

Kando ya ukumbi kulikuwa na stoo ya viti vya magurudumu vilivyovunjika. Walitoa vitu vyote, Spika akabeba vizito. Wakaweka kiti kimoja kinachotazama mlango, nyuma yake ukuta, na stuli fupi ya muuguzi, ili anayeuliza awe chini ya anayeulizwa. Komeo liliwekwa upande ambao mgonjwa analifikia. Kila anayeingia hospitalini, mwanamume kwa mwanamke, alipitishwa humo kupimwa presha, ili asijulikane nani ameulizwa nini na amejibu vipi. Na benchi la kijani lilipakwa rangi ya kijivu, likapangwa na mengine. Baadhi ya wazee walifoka, wakataka kujua benchi lao limekwenda wapi. Waliambiwa wataitwa mapema kama zamani, ila hakuna atakayejua kwa nini. Spika alijifunza kunong'ona. Alisikika kama mtu anayejaribu kuzima pikipiki kwa mto, lakini alijifunza.

Metroni alikuja kukikagua chumba. Alikaa kwenye kile kiti, akatazama mlango kwa muda. "Kingewekwa tangu mwanzo," alisema.

"Ndiyo, Metroni," Breki alijibu.

Wanawake wa kwanza walisema hapana humo pia. Breki hakuwaharakisha. Kisha, asubuhi moja ya mvua, aliingia mwanamke wa makamo, kiganja kimoja kimeshika kiuno. Alikitazama kile kiti, akatazama ukuta wa nyuma yake, akalijaribu komeo kwa kidole. Kisha akakaa.

Breki alikaa kwenye stuli, mikono juu ya magoti ili ionekane.

"Umewahi kutumikia jeshini?"

Mvua ilipiga bati. Ukumbini mtoto alilia, akanyamazishwa.

"Nani anataka kujua?"

"Mimi tu. Dada yangu alikuwa jeshini. Alikuwa mtu wa redio."

Uso wa yule mama ulibadilika kidogo sana, kama dirisha linalofunguliwa kwa ndani. "Mtu wa redio. Kikosi gani?"

Breki alitaka kujibu. Alijua presha ya dada yake ya mwezi mzima, alijua namba ya viatu vyake, alijua kiti chake, jikoni kwake, namna alivyosimama.

"Sijui," alisema. "Sikuwahi kumuuliza."

Yule mwanamke alimtazama bila lawama na bila huruma. Kisha alikunja mkono wa blauzi mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha mkono kuelekea kwenye mashine.

"Pima," alisema. "Maumivu yako huku, mgongoni. Usinizunguke nyuma. Nitakuonyesha mwenyewe."